Kusimamia Mradi wa Kijiji Kabla Pesa Hazijaisha

Vijiji vingi huanza kuulizia pesa za mradi siku ukuta wa darasa umeshapasuka au bomba limeshakauka. Wakati huo fundi ameshalipwa na kuondoka, stakabadhi hazijulikani ziko kwa nani, na kila aliyehusika ana maelezo yake. Mkutano unageuka makelele, watu wanarudi nyumbani wamenuniana, na ufa unabaki pale pale.

Mwongozo huu ni wa kuanza mapema. Nimeuandika kwa ajili ya vijiji vya Tanzania Bara: kwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mama aliyekabidhiwa funguo za stoo, na kwa mwananchi asiye na cheo chochote ila mtoto wake atasomea darasa hilo. Kazi yenyewe ni ya kulinganisha. Karatasi inasema nini, na pale saiti kuna nini? Anayejua kuhesabu mifuko na kusoma futi kamba anaiweza, na nimeona akina mama wasiomaliza hata darasa la saba wakiifanya vizuri kuliko watu wa ofisini.

Kwanza, jueni mnasimamia kwa mamlaka gani

Mtu akikuuliza "wewe nani hata uulize?", jibu lipo kwenye sheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndicho chombo cha juu kabisa cha maamuzi katika kijiji. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi kwa niaba ya mkutano huo. Mkutano mkuu unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Katiba nayo, Ibara ya 146, inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma.

Halafu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Raia akiomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, anatakiwa ajibiwe ndani ya siku 30. Watendaji wengi wa ngazi ya chini hawaifahamu vizuri, kwa hiyo itajeni kwa heshima kwenye barua yenu. Inafungua milango ambayo maneno ya mdomo hayafungui.

Chagueni wafuatiliaji, na uchaguzi uingie kwenye muhtasari

Mradi wa kijiji kwa kawaida una kamati zake. Shule na zahanati nyingi siku hizi zinajengwa kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, utaratibu ambao kila mtu anauita force account, na humo mnakuta kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Hao ndio wanaotumia fedha. Wanaofuatilia wawe watu wengine kabisa. Mtu hawezi kununua saruji asubuhi na jioni akajikagua mwenyewe.

Sehemu nyingi kundi hili linaitwa kamati ya PETS, kifupi cha Kiingereza cha ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma. Jina si muhimu. Watu watano hadi tisa wanatosha, na kila kitongoji kiwe na mtu wake. Wekeni mtu mmoja anayejua ujenzi, kijana mwenye simu ya kupiga picha, mwalimu mstaafu au yeyote mwenye mwandiko na subira, na wanawake wasiopungua nusu. Kama mradi ni wa maji, anayechota maji ndiye anayejua saa ngapi bomba linatoka. Ndugu wa karibu wa mwenyekiti, wa mtendaji au wa fundi mkuu asiwemo, hata kama ni mwadilifu kiasi gani. Mnamlinda yeye pia.

Wachaguliwe kwenye mkutano mkuu, na majina yao yaandikwe kwenye muhtasari uliosainiwa na kugongwa muhuri. Hili msilipuuze. Siku mtunza stoo atakapokataa kuwaonyesha leja, yaani daftari la vifaa vinavyoingia na kutoka, nakala ya muhtasari ule ndiyo itakayomfanya afungue mlango.

Tafuteni karatasi tatu

Karatasi ya kwanza inaonyesha fedha kiasi gani zimeingia, lini, kwenye akaunti ipi na kwa kazi gani. Ya pili ni makisio ya vifaa na gharama, ile BOQ, pamoja na ramani. Ya tatu ni mkataba wa fundi: atafanya nini, kwa siku ngapi, atalipwa kwa awamu zipi. Mkizipata hizi tatu kabla ya msingi kuchimbwa, nusu ya kazi imeisha. Mkianza bila hizo, mtakuwa mnakagua kwa hisia.

Anzeni kuziomba kwa mtendaji wa kijiji. Kama mradi uko chini ya shule au zahanati, muombeni mwalimu mkuu au mganga mfawidhi. Zisipopatikana, andikeni barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa diwani, na bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe.

Kwa nini kiasi cha fedha ni muhimu namna hii? Uganda ilitoa somo ambalo bado linazungumzwa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyokusudiwa kwa ajili ya wanafunzi. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa wilayani, na shule zikabandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu inayofika shuleni ilikuwa imepanda kwa kiwango kikubwa. Magazeti hayakuwa sababu pekee, lakini mzazi aliyejua namba hakudanganyika kirahisi. Hapa kwetu, mwaka 2021, zilipotoka zile Sh trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, kila mtu alijua kuwa darasa moja ni Sh milioni 20. Namba ilikuwa midomoni mwa watu. Mwananchi aliyepita mbele ya darasa lisiloezekwa alijua aulize nini.

Makisio yatoke kwenye faili yaende ukutani

BOQ ina kurasa nyingi na lugha ya wahandisi. Kaeni na fundi mnayemwamini siku moja, mchambue yaliyo makubwa tu: saruji mifuko mingapi, nondo ngapi na za unene gani, mabati mangapi ya geji ipi (yaani unene gani), mbao, mchanga na kokoto tripu ngapi, fedha za ufundi. Andikeni kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi za manila na mbandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, dukani, kwenye mti ambao watu hupumzika chini yake. Herufi ziwe kubwa kiasi cha mzee kusoma akiwa amesimama.

Bango lenye jina la mradi na jumla ya fedha peke yake halisaidii sana. "Sh milioni 60" ni namba ambayo hakuna anayeweza kuihakiki kwa macho. "Mabati 140 ya geji 28" inahakikiwa na mtoto.

Siku ya kupokea vifaa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lori linafika. Mara nyingi linafika jioni, dereva ana haraka, vijana wanashusha huku giza linaingia, na mjumbe wa mapokezi anapewa karatasi asaini. Niliwahi kusimama kwenye mapokezi ya namna hiyo. Hati ilisema mifuko 100 ya saruji. Mjumbe, mama mmoja mtulivu sana, alikataa kusaini na akaomba mifuko ipangwe kumi kumi. Dereva alilalamika kwamba anachelewa. Ilipopangwa ikawa safu nane na mifuko minne. Hakupiga kelele. Aliandika "84" kwa mkono wake, akaandika tarehe na saa, akasaini mbele ya namba yake. Siku ya pili mifuko 16 ililetwa. Mpaka leo sijui kama ulikuwa wizi au makosa ya upakiaji, na kwa kweli hatukuhitaji kujua.

Fanyeni kama yule mama. Vifaa vipokelewe mchana. Vikija usiku, vifungiwe bila kusainiwa mpaka asubuhi. Saruji ipangwe kumi kumi na kila mfuko uwe wa kilo 50 na mkavu. Mfuko uliogandiana ukataliwe.

Nondo zina ujanja wake. Nondo ya mm 10 na ya mm 12 zinafanana kwa mtu asiyezoea, na bei zake haziko sawa. Pimeni urefu kwa futi kamba, kisha chukueni moja mkaipime kwenye mizani ya mazao, ile ile ya kupimia mahindi. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa takriban kilo 10.7. Ya mm 10 ina kilo 7.4, na ya mm 16 inakaribia kilo 19. Mkiandikiwa mm 12 na mizani ikasoma kilo nane, hiyo siyo mm 12.

Kwenye mabati, kumbukeni geji inakwenda kinyume: namba ndogo ndiyo bati nene. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Someni maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, msitegemee stakabadhi.

Mchanga na kokoto huletwa kwa tripu, na tripu haina ukubwa maalumu. Pimeni bodi la lori: urefu mara upana mara kimo cha mchanga, kwa mita. Bodi la mita 3.5 kwa 2, lililojaa kimo cha mita 1, limebeba mita za ujazo 7. Mkilipia tripu ya mita za ujazo saba ikaja ya mita tano, kwa tripu kumi mmepoteza mita za ujazo 20.

Yote yaingie kwenye leja ya stoo siku hiyo hiyo, na kila kinachotoka kiandikwe: nani kachukua, kwa kazi gani. Stoo iwe na kufuli mbili na funguo ziwe kwa watu wawili tofauti. Kila Jumamosi, mfuatiliaji ahesabu kilichobaki na alinganishe na leja. Dakika ishirini zinatosha.

Mchanga uliolipwa mara mbili

Nguvu za wananchi ni sehemu inayoniumiza kuliko zote. Watu wanajitolea: wanachimba msingi, wanasomba mawe, wanaleta mchanga kwa mikokoteni na ndoo kichwani. Halafu makisio yana fungu la kununua mchanga ule ule, na fungu hilo linatumika. Hakuna anayeuliza kwa sababu hakuna aliyeandika.

Kuanzia siku ya kwanza, wekeni daftari la nguvu za wananchi. Kila kitongoji kiandikiwe watu wangapi walikuja, siku ngapi, walileta nini na kwa kiasi gani. Mwisho wa mwezi kadirieni thamani yake ya fedha kwa bei ya eneo lenu, kisha daftari lisomwe pamoja na makisio. Fungu ambalo wananchi wamelibeba lionekane limebaki kwenye akaunti, au lihamishiwe kazi nyingine kwa uamuzi wa kikao ulioandikwa.

Michango ya fedha taslimu haipokelewi bila stakabadhi. Anayetoa aidai, hata akiwa ametoa Sh 1,000.

Pale ambapo watu wanalipwa, kama kwenye ajira za muda za Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaosimamiwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), kifaa chenu ni orodha ya majina. Someni orodha ya waliolipwa kwa sauti, kitongoji kwa kitongoji. Wanavijiji wa Rajasthan, India, walianza hivi mwaka 1994: walikusanyika na kusomewa orodha za malipo ya kazi za umma, na wakasikia majina ya watu ambao hawakuwahi kushika jembe pale, wengine wakiwa marehemu. Madai yao ya kuona karatasi yalichangia India kupata sheria ya haki ya taarifa mwaka 2005. Hawakuwa na utaalamu wa uhasibu. Walijuana.

Kazi ikiendelea

Tembeleeni saiti angalau mara mbili kwa wiki, siku moja mkiwa mmetoa taarifa na nyingine bila taarifa. Msiwafundishe mafundi kazi. Angalieni machache tu. Zege la nguzo na mkanda kwa kawaida huandikwa 1:2:4, maana yake ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Simameni muone ndoo zikihesabiwa. Zege na tofali zimwagiliwe maji siku zisizopungua saba. Pigeni picha kutoka sehemu ile ile kila wiki.

Kwenye mradi wa maji, chukueni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, kituo kinatoa lita 30 kwa dakika. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kwa watu 250. Watu 250 wanahitaji lita 6,250. Kwa bomba la lita 10 kwa dakika hiyo ni zaidi ya saa kumi za kutoka mfululizo, na sasa mnaelewa kwa nini foleni haiishi. Fanyeni kipimo hicho siku ya makabidhiano, kiandikwe, kirudiwe wakati wa kiangazi.

Mkutano wa kusoma hesabu

Hesabu zisisubiri mradi uishe. Someni mara mbili angalau: msingi ukikamilika, na kabla ya kuezeka. Tangazeni siku saba kabla, kwa saa ambayo akina mama hawako shambani wala jikoni.

Jedwali liwe na safu tatu tu: kilichopangwa, kilichonunuliwa kwa mujibu wa karatasi, kilichoonekana. Msomaji asome mstari, anyamaze, aulize kama kuna mwenye la kusema. Ukimya huo una kazi kubwa, msiukatishe. Kuna mzee atakohoa na kusema, "Mbona zile mbao nilihesabu 60?"

Anayetajwa apewe nafasi ya kujibu hapo hapo, au apewe tarehe ya kuleta maelezo. Ulizeni kuhusu kitu: "Mabati 12 yako wapi?" Msiulize kuhusu mtu: "Umeyaiba?" Swali la kwanza lina jibu. La pili linaleta ugomvi wa koo mbili, na mradi unakufa katikati. Bei zinapanda kweli, mvua inaharibu saruji kweli, na mtu mwaminifu anaweza kuwa mvivu wa kuandika. Maelezo yenye karatasi yapokelewe kwa moyo mweupe.

Kila swali lisilojibiwa liingie kwenye muhtasari pamoja na jina la anayetakiwa kulijibu na tarehe.

Hesabu zikikataa

Anzeni chini. Barua kwa mtendaji wa kijiji, mkimpa siku 14 za kujibu. Kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata kupitia diwani. Kisha Mkurugenzi, mkiomba mkaguzi wa ndani na mhandisi waje saiti. Ambatanisheni jedwali, picha zenye tarehe na nakala ya muhtasari. Hisia muziache nyumbani. Barua ya ukurasa mmoja yenye namba nne husomwa, ile ya kurasa sita za malalamiko huwekwa pembeni.

Mkiona dalili za rushwa, kama stakabadhi za kughushi au mtu kudaiwa asilimia ili alipwe, hapo hakuna haja ya kupanda ngazi. Pigeni simu TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, bila malipo. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema. Hata hivyo, kijijini kila mtu anajua nani kapiga simu. Kwa hiyo barua za kufuatilia ziende kwa jina la kamati yote na zisainiwe na wote, asiachwe mtu mmoja mbele. Na nyaraka halisi zisiondolewe ofisini. Nakala na picha ya simu zinatosha.

Makabidhiano na faili

Siku ya kupokea jengo, ingieni na BOQ mkononi chumba kwa chumba. Fungueni kila mlango, washeni kila taa, mwageni ndoo ya maji sakafuni muone inaelekea wapi. Kasoro ziorodheshwe, na malipo ya mwisho ya fundi yasitoke mpaka zirekebishwe. Uwezo wenu wote wa kumrudisha fundi uko kwenye fungu hilo la mwisho.

Baada ya hapo pangeni faili: karatasi tatu za mwanzo, leja, daftari la nguvu za wananchi, mihtasari, picha, orodha ya kasoro. Tengenezeni nakala tatu. Moja ikae ofisi ya kijiji, moja shuleni au zahanati, moja kwa mwenyekiti wa kamati ya ufuatiliaji. Uongozi wa kijiji huchaguliwa kila miaka mitano, na uchaguzi unapopita makabati huonekana matupu. Viongozi wapya wakiingia, faili likabidhiwe kwa orodha, ukurasa kwa ukurasa, anayetoa na anayepokea wote wasaini, na orodha hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wao wa kwanza.